Udongo wa Kukaanga

Kwa miaka thelathini na nane Aslam Dharsi aliuza miche, na yote ilikuwa ya sabuni. Duka lake liko Makorora, na sisi majirani tulilijua kwa pua kabla ya macho: sabuni za kufulia, za kuogea, za unga, dawa za chooni, madodoki, fagio na brashi za kila namna. Wenzake waliuza usafi kwa sababu unauzika. Yeye aliuamini. Ndizi aliziosha kwa sabuni kabla ya kuzimenya. Bomba la msikitini alilisuuza kwanza, akatawadha, kisha akalisuuza tena ndipo alifunge, hata waliokuwa nyuma yake wakajifunza kuhamia bomba jingine mapema. Ukimpa mkono, yeye alikupa kiwiko. Siku moja daktari alipotaka kumsikiliza mapigo ya moyo, Aslam alitoa kitambaa mfukoni akaomba kwanza akifute kile kipimo cha shingoni. Daktari alikuwa mpole, akamwachia.

Mkewe, Bi Narmin, aliishi naye kwa subira ya mtu aliyejenga jirani na mashine ya kusaga. Ilipoingia korona, watu wote wakawa wananawa mara kumi kwa siku na kusalimiana kwa mbali, Narmin alisema mumewe ndiye mtu pekee katika Tanga nzima ambaye hakubadilisha chochote.

Alipotimiza miaka sitini na minne, magoti yalimkataza kusimama dukani. Kazi akamkabidhi binti yake, Khurshid, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Aslam akabaki nyumbani, akasafisha kila kilichosafishika, na wiki ya tatu akaanza kuviosha upya vilivyokwisha kusafishwa. Narmin alipomkuta amevua balbu zote ili azisugue, alimwambia atafute jambo la kufanya, la nje, na ikiwezekana la mbali.

Jambo lenyewe lilipatikana Lushoto, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yake. Asubuhi baada ya harusi Aslam alitoka kunyoosha miguu nyuma ya nyumba ya wageni, akaingia kwenye miti mirefu iliyosimama mistari, yenye majani membamba kama sindano. Alisimama. Akanusa. Akageuka kutazama ni nani aliyepiga deki msituni.

"Ni miti hiyo, mzee," mwenyeji wake alimwambia. "Misindano. Wengine huita paini."

Aslam aliinua uso akaiangalia kwa muda. Miaka yote ile aliuza dawa ya chooni yenye harufu hiyo hiyo, na kwenye chupa kulikuwa na picha ya mti wa kijani ambao yeye aliudhania ni pambo. Sasa akajua kwamba kuna mahali duniani ambapo msitu wenyewe, bila kufagiliwa na mtu, unanukia kama choo kilichotoka kusafishwa. Alirudi chumbani akamwambia Narmin kwamba amepata la kufanya.

Baba yake alikuwa amemwachia ekari tatu Muheza, shamba la michungwa ambalo nusu yake ilikwisha kukauka. Aslam aliamua pale pakavu apande misindano. Aliulizia, akapata mbegu za aina inayovumilia joto la huku chini, akazileta Makorora zikiwa kwenye mfuko uliofungwa ndani ya mfuko mwingine. Kitalu angekifanya uani.

Hapo ndipo likaja suala la udongo. Kwa Aslam udongo ulikuwa nini, kama si uchafu uliokusanyika mahali pamoja? Ndani yake mna wadudu, minyoo, ukungu na vitu visivyo na majina. Hakuwa tayari kulaza mbegu zake humo. Kwanza alijaribu kuufua udongo. Aliutia kwenye beseni, akamwaga maji na sabuni ya unga, akavuruga, akapata tope lenye povu. Siku ya pili akapata wazo bora. Alitoa jiko kubwa la mkaa uani, akateleka sufuria ya pilau ya watu hamsini, akaujaza udongo na kuukaanga.

Moshi ule ulitufikia mtaa mzima. Tulidhani Narmin ameunguza dagaa. Narmin mwenyewe alikuwa amejilaza, akatoka na kanga begani.

"Baba Khurshid, unapika nini?"

"Udongo."

Narmin alichungulia ndani ya sufuria. Mumewe alikuwa akigeuza taratibu kwa mwiko, kijasho kinamtoka, asiuache ushike chini.

"Umeutia chumvi?"

"Naua vijidudu, Narmin. Nitaiosha sufuria yako, usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi kwamba utaiosha," alisema Narmin. "Wasiwasi wangu ni wageni wakiniuliza mara ya mwisho nilipika nini humo."

Alikaanga kwa siku tano. Alijaza viriba mia nne, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, akavipanga mistari kama askari wa gwaride, akapanda, akamwagilia maji yaliyochemshwa na kupoa. Siku ya kumi na tano mbegu zikachomoza, kila moja imevaa kofia ya ganda lake. Aslam alituita majirani wote tukatazame. Mwinyijuma, rafiki yake wa tangu ujana, fundi cherehani asiyeweza kukaa na habari tumboni kwa saa nzima, alitembea kati ya mistari akasema hajapata kuona kitalu kisafi namna ile, unaweza kulia chakula chini. Aslam alifurahi hata akampa mkono wenyewe.

Furaha ilimtuma kuendelea. Kando ya ukuta kulikuwa na bustani ya Narmin, mawaridi na asumini, na katikati yake kisiki cha mfenesi uliokatwa zamani. Mvua za vuli zikinyesha, kisiki kile kiliota uyoga, vijimwavuli vya kahawia kwa makumi. Miaka yote Aslam aliukodolea macho bila kusema. Sasa akasema. Alichukua chupa mbili za dawa ya chooni akaumwagia uyoga, akamwagia kisiki, na kwa kuwa dawa ilibaki akayamwagia na mashina ya mawaridi. Baada ya siku nne mawaridi yakapukutika majani. Narmin hakugomba. Alikwenda dukani kwa bintiye, akarudi na kamba ya kuanikia nguo, akaizungushia bustani yake na kumwambia mumewe kwamba akivuka kamba ile na chupa yoyote mkononi, yeye Narmin atarudi kwao akiwa na miaka sitini yake na sufuria yake.

Misindano nayo ikabadilika. Mwezi wa tatu tangu kupandwa ilisimama kukua. Mwezi wa nne ikageuka rangi, kwanza manjano, kisha ncha zikawa za zambarau kama midomo ya mtu aliyekaa sana baharini. Aslam aliongeza maji. Akapunguza. Akaweka mbolea ya dukani, nayo ikaunguza miche thelathini. Akaanza kuifuta majani yake kwa kitambaa cha unyevu, mche mmoja mmoja.

"Hasadi hii, yakhe," Mwinyijuma alisema. "Umetuita watu wengi mno kutazama. Jicho la mtu lina sumu."

"Wewe ndiye uliyesifu kuliko wote."

"Mimi nilisema mashaallah," alijitetea Mwinyijuma. "Semeni wa genge hakusema."

Lililomwokoa lilikuwa mche wa sabuni. Mzee Manase, Msambaa wa miaka sabini na kitu, alikuwa mstaafu wa kitalu cha miti cha serikali huko milimani, na aliteremka Tanga kukaa na bintiye. Alikuja dukani kununua sabuni ya kufulia, akamsikia Khurshid akimwambia mteja kwamba baba yake yuko nyumbani anaiogesha miti. Manase akauliza miti gani. Jioni hiyo hiyo akafika uani, ameibana sabuni yake kwapani.

"Shikamoo, mzee," Aslam alimwamkia.

"Marahaba, mgosi. Wagonjwa wako wapi?"

Hakuuliza zaidi. Aliinama, akachagua mche mmoja, akachana kiriba na kuukung'uta udongo. Mizizi ikabaki inaning'inia, myeupe, mitupu, kama nywele zilizochanwa.

"Mizizi yako misafi," alisema.

"Ahsante," Aslam alijibu.

"Sikusifu. Nakupa pole. Udongo huu umeufanyaje?"

"Nimeukaanga."

Manase alimtazama, kisha akamtazama Narmin aliyesimama mlangoni. Narmin akatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli.

Mzee yule akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo kwa wakubwa wengi. Mti, alisema, hauli peke yake. Chini ya ardhi kuna kuvu, ndugu zake uyoga, na mwili wake ni nyuzi nyembamba kuliko uzi wa buibui. Nyuzi hizo zinaivika mizizi ya msindano kama soksi, kisha zinatambaa mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, zikaletea mti maji na chumvichumvi za ardhini. Mti nao unazilipa sukari uliyoipika juu kwa jua. Uyoga unaouona mvua ikinyesha ni tunda tu. Mwenye nyumba yuko chini.

"Huko kwetu wazee waliotutangulia kazini walisimulia," alisema, "mbegu za misindano zilipoletwa mara ya kwanza kutoka ng'ambo, ziliota vizuri, halafu miche ikagoma kukua kama hii yako. Mti ulisafiri, mwenzake akabaki kwao. Mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misindano mikubwa."

"Kwa hiyo mti wangu unahitaji ugonjwa," alisema Aslam.

"Si ugonjwa, mgosi. Ni ndoa."

"Ndoa na ukungu."

"Wapo wanaofunga ndoa ngumu zaidi," Narmin alisema kutoka mlangoni, akaingia ndani kuchemsha chai.

Aslam hakulala vizuri siku hizo. Alimwambia mkewe kwamba amewauzia watu dawa ya kuua ukungu miaka thelathini na nane, na sasa aende kuuchukua kwa gunia? Narmin akamjibu kwamba hajalazimishwa. Anaweza kuendelea kuifuta majani hadi ife yote ikiwa inang'aa. Siku ya tatu Aslam akampigia Manase simu.

Walikwenda Lushoto wawili, wakapanga kulala kwa nduguye Manase. Bwana miti wa shamba la misindano la huko aliwahi kufundishwa kazi na Manase, akawaandikia kibali cha gunia moja. Aslam alivaa glovu za mpira hadi kwenye viwiko, buti na barakoa mbili. Manase alivaa kandambili.

Chini ya miti ile majani makavu yalilala mazito kama godoro. Manase alipiga goti, akayafunua kwa mkono. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, na ndani ya udongo kulikuwa na nyuzi nyeupe, zimetawanyika, zimeshikana, zimeingia kila mahali kama mtu aliyeshona ardhi kwa chini ili isifumuke.

"Shika," alisema.

"Naziona."

"Kuona si kushika. Vua hiyo mipira, utazikata."

Inasemekana Aslam alisimama pale hadi Manase akamaliza kuvuta sigara. Kisha akavua glovu moja, akapiga goti lake bovu, akachota. Alituambia baadaye kwamba alitegemea harufu ya uozo, akapata harufu ya mvua ya kwanza na ya uyoga wa kupikwa pamoja. Akanusa tena ili ahakikishe. Baadaye aliomba maji ya kunawa, akanawa mara nne, lakini Manase alisema kwa mtu yule mara nne ni kama hakunawa.

Tatizo lilianza gunia lilipofika Makorora. Aslam alikuwa amelifunga ndani ya mifuko saba ya nailoni, na Mwinyijuma ndiye aliyemsaidia kulishusha kwenye bajaji.

"Zito hili, yakhe. Mna nini?"

Aslam aliona haya. Aliwaza atamwambiaje fundi cherehani, mbele ya watu wa gengeni, kwamba Aslam Dharsi wa sabuni ameleta gunia la ukungu nyumbani kwake.

"Udongo," alisema kwa sauti ya chini. "Wa milimani. Usimwambie mtu."

Mtu anayeambiwa asimwambie mtu kuhusu udongo wa milimani, uliofungwa mifuko saba, uliokuja na kibali cha serikali, atafikiri nini? Kufikia alasiri mtaa mzima ulijua kwamba Mhindi wa sabuni amepata udongo wa dhahabu. Wengine walisema ndiyo maana alikuwa akikaanga siku zile; alikuwa akijaribu mitambo. Kesho yake watu ambao hawakuwahi kuingia uani mwake walikuja kumjulia hali ya magoti. Semeni wa genge alimletea papai. Aslam alishukuru, akaliosha.

Mwinyijuma alikuja akiwa na bakuli.

"Naomba kidogo tu," alisema. "Nina maua yangu."

Hakuwa na maua, hakuwahi kuwa nayo. Lakini Aslam, ambaye sasa aliamini kila mmea una haki ya kuolewa, alimjazia bakuli. Baada ya saa moja Narmin alipita mlangoni kwa Mwinyijuma, akarudi akamwambia mumewe aende akaone. Aslam alimkuta rafiki yake amechutama mbele ya karai, amekunja suruali, anaungua jua la saa saba, anazungusha tope kwenye maji na kulimwaga taratibu kandokando huku macho yamemtoka. Watu wapatao kumi walikuwa wamemzunguka kimya, kila mtu na chombo chake.

"Mwinyijuma, unafanya nini?"

"Naosha."

Kwa mara ya kwanza maishani neno hilo lilimkera Aslam. "Unaosha nini? Umewaua wote. Ni viumbe hai hivyo."

"Viumbe gani?"

Pakawa hapana namna. Aslam alisimama katikati ya jirani zake akasema ukweli: ule ni ukungu, kuvu wa msituni, ameufuata Lushoto kwa hiari yake, na ameugusa kwa mkono huu. Watu walitazama ule mkono. Semeni akauliza kwa heshima kama papai lake bado halijakatwa.

Habari hiyo ilikimbia kuliko ya dhahabu. Asubuhi yake wateja wawili walimuuliza Khurshid kama ni kweli mzee sasa anafuga ukungu, na kama sabuni zinakaa mbali nao. Khurshid alifunga duka saa ya chakula cha mchana, jambo asilolifanya kamwe, akaja nyumbani. Alimkuta baba yake amekaa chini uani na Manase, mikono mitupu, wanachanganya udongo wa msituni na udongo wa kawaida ambao haukukaangwa, wanauweka kwenye viriba kidogokidogo kuzunguka kila mzizi. Baba yake alikuwa na tope hadi kwenye nyusi.

Alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Aliyaacha. Alisema tu, "Ukimaliza, usipitie dukani," akarudi kazini.

Miche iliyokuwa bado hai ilikuwa mia tatu na ishirini. Wiki ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, wala ya tatu. Aslam alimpigia Manase kila siku baada ya alfajiri hadi bintiye Manase akaanza kupokea yeye na kusema babu anaoga. Wiki ya saba, asubuhi, Aslam alimwita Narmin nje akamwonyesha mche wa mstari wa pili. Katikati ya ncha za zambarau palikuwa na kijani kibichi. Narmin aliinama, akavaa miwani yake, akautazama mche wa pembeni yake, na wa pembeni ya huo.

"Imekubali," alisema.

Aslam alikuwa anatafuta kitambaa mfukoni, na safari hii hakikuwa cha kufutia majani.

Kuhusu mawaridi, alimwomba Manase gunia la pili ayatibu. Manase alikataa. Alimweleza kwamba kuvu wa misindano haelewani na waridi. Kila ukoo wa mimea una wake, na wa waridi hulala katika udongo wa kawaida tu usiomwagiwa sumu. Na ule uyoga wa kisikini ulikuwa fundi wa namna nyingine: ulikuwa unaula mfenesi uliokufa na kuugeuza chakula cha bustani, bure, bila kuagizwa. Kazi aliyotakiwa Aslam kuifanya ilikuwa kuleta majani yaliyooza, kuyatandaza na kukaa mbali. Alikusanya majani ya mtaa mzima kwa wiki mbili. Aliyakabidhi kwa Narmin juu ya kamba, bila kuvuka.

Masika yaliyofuata tulikwenda Muheza kupanda, mimi na Mwinyijuma tukiwa vibarua wa kujitolea. Tulipanda tangu asubuhi kwenye manyunyu. Manase alikaa juu ya jiwe akitukosoa. Mwinyijuma alimuuliza miti hii itakuwa tayari lini.

"Kwa mbao? Miaka ishirini hivi."

Mwinyijuma alimgeukia Aslam. "Utakuwa na miaka themanini na sita, yakhe."

"Utanishika mkono," Aslam alisema, akaendelea kushindilia udongo kwa viganja.

Mwaka huu misindano imefika kifuani kwangu, na kumi na moja tu ndiyo iliyokufa. Aslam huenda huko kila Alhamisi. Anaporudi Narmin humvua viatu mlangoni, humwonyesha ndoo ya maji na sabuni, naye huoga kwa saa nzima kama zamani. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama kando ya kamba, anatazama kisiki cha mfenesi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na vijimwavuli vya kahawia vilikuwa vimerudi, vingi kuliko mwanzo. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nangoja ruhusa," alisema. "Nimemwomba Narmin niingie nivitazame kwa karibu. Amesema atafikiri."